Mkaguzi anakuja nyumbani ninapolelea watoto, anaangalia nini hasa?

"Habari mtaalam. Mimi ni mama, nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, nilianza na mtoto wa jirani mmoja sasa wamefika saba, mkubwa ana miaka minne, mdogo ana miezi mitano na wawili bado wanatambaa. Nimeomba leseni nikaambiwa mkaguzi atakuja kuiona nyumba ndani ya wiki mbili. Ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, madirisha yote yana nondo. Watoto wanalala sebuleni kwenye magodoro, yule mdogo namlaza kwenye kochi nimemzungushia mito asianguke. Nimeshaanza kukwangua ukuta nipake rangi upya na nimenunua vifuniko vya soketi. Wenzangu wananitisha kwamba mkaguzi akikuta kosa moja tu anafunga, wengine wananishauri siku hiyo niwaambie wazazi wa watoto watatu wasiwalete. Mimi nakaa na watoto macho muda wote, hajawahi kuumia mtoto kwangu. Nifanye nini nipite, na hao wakaguzi wanaangalia nini hasa?"

Dada yangu, pole kwa presha. Umeuliza vitu viwili kwa mpigo, kimoja ni mkaguzi anaangalia nini, kingine ambacho naona ndo kinakunyima usingizi ni je, nitafungiwa? Nianze na cha kwanza, maana ukikielewa hicho, cha pili kinajijibu nusu yake.

Kwanza weka chini hiyo brashi ya rangi kidogo. Sisi tunaokagua hatuji kutafuta nyumba nzuri. Nimeshaingia kwenye sebule zina katuni ukutani na mapazia mapya yananukia dukani, alafu dawa za presha za bibi ziko juu ya stuli. Ukuta unaobanduka tunauuliza, ndiyo, ila sababu yake sio urembo. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano walizipiga marufuku kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, na mtoto anayetambaa anapitisha kiganja kwenye vumbi alafu kiganja kinaenda mdomoni, hivyo ndo risasi inavyoingia na inaharibu ubongo ambao bado unakua. Kwahiyo kama nyumba ni ya siku nyingi na wewe unakwangua ukuta mkavu mkavu huku watoto wako ndani, umetengeneza hatari ambayo jana haikuwepo. Simamisha. Futa sakafu na madirisha kwa kitambaa kibichi, usifagie kwa ufagio mkavu maana unalirusha vumbi hewani, na hiyo kazi ya ukuta ifanyike siku ambazo watoto hawapo na wasirudi mpaka pasafishwe.

Sasa hilo la kukaa macho muda wote. Naomba usinielewe vibaya, nakuamini kabisa kwamba hakuna aliyeumia, na mlezi asiye na macho hata nyumba iwe ya kisasa vipi haifai. Ila hiyo sentensi ndo tunayoisikia karibu kila nyumba, na ukweli ni kwamba hakuna binadamu anayeweza. Unambadilisha mmoja pampasi, mwingine katapika, mzazi anabisha hodi getini, simu inaita, na wewe mwenyewe choo utaenda tu. Tukiingia ndani kwako tunachopiga hesabu kichwani ni hizo nusu dakika ambazo haupo, kwamba katikati ya mtoto na hatari kumebaki nini? Kitasa? Urefu wa kabati? Au hakuna kitu?

Chukua ndoo. Ndoo ya maji ya kufulia iko bafuni, maji yamebaki kidogo tu kwa chini. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, anashika ukingo anachungulia, kichwa kinamvuta ndani na mikono haina nguvu ya kumrudisha juu, na ndoo yenye uzito chini haipinduki. Maji ya sentimita 5 yanatosha kumzamisha. Na hapigi kelele, hicho ndo watu hawakijui, wanadhani watasikia mtoto akipapatika. Hawasikii kitu. Ukimwaga maji na kufunga mlango wa bafu kwa komeo la juu hiyo hatari imekwisha hata ukiwa umelala, macho yako hayahitajiki tena hapo, unayatumia kwingine.

Kwahiyo kabla mkaguzi hajafika fanya hivi, piga magoti uzunguke nyumba yote kwa magoti, sebule, jikoni, chooni, uani, ukiwa umeshika kalamu. Utaona vitu ambavyo miaka yote hujaviona, waya wa birika unaoning'inia, kamba ya pazia, msumari chini ya meza, dawa ya panya nyuma ya friji. Kamba za mapazia zinanyonga mtoto ndani ya dakika moja, zikate au zifungwe juu kabisa.

Naomba nikae kidogo kwenye kochi, maana hapo ndipo mwenzangu yeyote atakapokusimamisha, na kwa kweli hiki usisubiri mkaguzi, kibadilishe leo. Mtoto wa miezi mitano kwenye kochi na mito pembeni ni mlalo wa hatari kuliko karibu vyote. Kochi ni laini na lina mteremko kuelekea kwenye mgongo wake, mtoto anateleza taratibu mpaka uso unabanwa kwenye kona, na shingo yake bado haina nguvu ya kuutoa. Hiyo mito uliyoiweka kwa upendo ndo inaziba kilichobaki. Pua ikigusa kitu laini anaanza kuvuta hewa ile ile aliyoitoa, oksijeni inapungua, na mtoto mchanga mara nyingi haamki kulia kama ungeamka wewe. Anaonekana amelala vizuri tu.

Anatakiwa alale chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, shuka limebana, bila mto wala blanketi zito wala mdoli. Mabibi watakwambia akilala chali akicheua atapaliwa. Hapana. Akiwa chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwahiyo kinachorudi lazima kipande mlima ndo kiingie kwenye mapafu, akiwa kifudifudi ndo inakuwa rahisi. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza kushauri mlalo wa chali mwaka 1992, kampeni kubwa ikaja 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu.

Kitanda cha watoto cha mbao kinafaa, hata kilichotumika, ila pima nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, maana ikizidi hapo mwili unapita kichwa kinabaki. Kile cha zamani ambacho upande mmoja unashuka kwa kuteremka usikichukue hata ukipewa bure, Marekani walikipiga marufuku 2011 kwa sababu ule upande ulikuwa unaachia na kumbana mtoto. Kama kitanda hakipatikani kabla ya ukaguzi, waulize wazazi wake kama wana kile cha kukunja. Godoro gumu sakafuni ni afadhali kuliko kochi mara nyingi, lakini kwako wewe kuna wanaotambaa na wa miaka miwili watamwangukia, kwahiyo lazima kuwe na kizuizi na hapo tena tunarudi kwenye kitanda. Na akiwa amelala nenda ukamwone kwa macho, kifua kinapanda kinashuka, rangi ya midomo iko sawa, usitegemee kusikia tu ukiwa jikoni.

Haya, nondo. Hapa ndo nadhani patakupa shida kweli maana nyumba sio yako. Nondo zinazuia mwizi na zinazuia mtoto kuanguka dirishani, hakuna anayekataa, lakini moto ukianza jikoni na jikoni liko njiani kwenda mlango mkubwa, hilo dirisha lenye nondo limekuwa ukuta. Mkaguzi atauliza njia ya pili ya kutoka ni ipi. Kama kuna mlango wa nyuma, ataenda kuujaribu, na hapo wengi wanaanguka kwa kitu cha kijinga kabisa: mlango upo, umefungwa kufuli, ufunguo uko chumbani kwenye droo. Au mbele yake kuna gunia na baiskeli mbovu. Mlango wa kutokea unatakiwa ufunguke kwa ndani bila ufunguo, komeo ambalo mtu mzima analifikia na mtoto halifikii, na njia iwe tupu muda wote sio siku ya ukaguzi tu. Kama hakuna mlango wa pili, basi angalau dirisha moja kwenye chumba wanachokaa liwe na nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anaweza, mwenye nyumba lazima akubali, na mi nakushauri uongee naye kabla ya ukaguzi, alafu majibu yake uwe nayo kwa maandishi hata kama ni meseji, maana mkaguzi akiona umeshaanza kulishughulikia anaongea na wewe tofauti.

Kuna jaribio napenda kuwaomba walezi wafanye, na linajibu pia swali lako la kuwaficha wale watatu. Nakuambia: moto umeanza jikoni, watoe watoto nje sasa hivi. Unambeba wa miezi mitano mkono mmoja. Wawili wanatambaa, unambeba mmoja mkono wa pili. Yule mwingine? Na wale wanne wanaotembea nani anawashika, maana mtoto wa miaka mitatu akiogopa moshi hakimbilii nje, anaingia chini ya kitanda. Idadi ya watoto kwa mlezi inatokana na hesabu kama hiyo, ofisini hawakukaa tu wakabuni namba wakukomoe. Uingereza kwa mfano mtu anayelea watoto nyumbani peke yake anaruhusiwa kwa kawaida watoto 6 walio chini ya miaka 8, kati yao wasizidi 3 walio chini ya miaka 5, na wa chini ya mwaka mmoja ni 1. Kila nchi ina hesabu yake na yako utaipata ofisi ile ile uliyopeleka maombi, iulize kabla hawajafika. Ila hata bila sheria, wewe una watoto watatu wasioweza kutembea na una mikono miwili.

Kwahiyo kuwaambia wazazi watatu wasilete siku hiyo, hapana dada. Tunahesabu magodoro, tunahesabu vikombe na mabegi, tunaangalia daftari la mahudhurio, na watoto wa miaka minne wanaongea kila kitu. Alafu ukaguzi sio mara moja, sehemu nyingi wanarudi bila taarifa, Marekani sheria ya mwaka 2014 inataka kila kituo chenye leseni kinachopokea ruzuku ya serikali ya malezi ya watoto kikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka bila kuambiwa. Kilicho kibaya zaidi, kosa la idadi linarekebishika, kosa la kudanganya linabaki kwenye faili. Chaguo ulizo nazo ni tatu na zote zina maumivu. Unaweza kutafuta msaidizi, dada au mama unayemwamini, naye atahitaji kuchunguzwa kama wewe. Unaweza kupunguza watoto, na kipato kinapungua, hilo siwezi kulipamba. Au unamwambia mkaguzi ukweli kwamba wako saba na umeshawaambia wazazi fulani watafute pengine kufikia tarehe fulani. Mi ningeanza na msaidizi. Asipopatikana ningepunguza kwa wale wasiotembea kwanza, sio wakubwa, ingawa najua wadogo ndo wazazi wao wanalipa zaidi.

Vifuniko vya soketi ulivyonunua sio vibaya, ila visikupe amani ya bure. Vile vya plastiki vya kuchomeka mtoto wa miaka miwili anavichomoa, akikichomoa kinamtosha mdomoni. Fanicha isukumwe mbele ya soketi inasaidia zaidi. Na ekstensheni iliyochomekwa vitu sita inanitisha kuliko soketi tupu ukutani. Kama swichi inapata moto ukiigusa au taa zinachezacheza hapo usijitibu mwenyewe, ita fundi umeme.

Kabati la droo na tivii juu yake liangalie leo. Mtoto anavuta droo ya chini, anaikanyaga, anavuta ya pili, anapanda kama ngazi, uzito wote unakuja mbele na kabati linamwangukia pamoja na tivii. Lifungwe ukutani kwa mkanda au chuma, ni kazi ya skrubu mbili kila upande, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa. Na kama una kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto asiyejua kutembea anakaa ndani na kujisukuma kwa miguu, kitoe nyumbani. Kinampa mtoto spidi ambayo wewe huwezi kuifikia, kinampeleka kwenye ngazi na kwenye jiko, na hakimfundishi kutembea mapema. Kanada walikipiga marufuku tangu 2004.

Dawa na sumu. Watu wananijibu "ina kifuniko cha watoto". Ujue kifuniko hicho kinapimwaje, Marekani kinahesabiwa kimefaulu hata kama watoto 15 kati ya 100 waliojaribiwa wamekifungua bila kuonyeshwa. Kwahiyo kinamchelewesha tu. Dawa ziwe kabati la juu lenye kufuli, na mkoba wako wewe pia, na mkoba wa mzazi aliyekaa kusubiri dakika mbili, maana dawa nyingi hatuzikuti kabatini, tunazikuta kwenye mikoba iliyotundikwa kwenye kiti. Mafuta ya taa au dawa ya choo kwenye chupa ya soda hilo ni kosa la papo kwa papo popote utakapokaguliwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, yakipita tena kooni yanaingia kwenye mapafu na huko ndiko yanakoua.

Kwa nyumba yenye watoto wa rika mbalimbali kama yako kuna tatizo ambalo chekechea hawana, midoli ya yule wa miaka minne ni sumu kwa anayetambaa. Chukua lile boksi la duara linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, kitu chochote kinachopita humo kikae juu. Betri ndogo za duara zile bapa, za rimoti na za midoli inayoimba, hizo nazichukia kuliko kitu chochote kidogo. Ikikwama kooni inapitisha umeme kwenye mate na kuunguza nyama kama magadi makali, ndani ya masaa mawili inaweza kutoboa koo. Ukihisi tu kwamba kameza, hata kama anacheza vizuri, ni hospitali moja kwa moja apigwe eksirei, usisubiri choo.

Jikoni siongei sana, wewe unajua, vishikio vya sufuria vigeukie ukutani, geti dogo mlangoni, chai ya moto usinywe ukiwa umepakata mtoto. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache tu. Ila jiko la mkaa au jenereta visiingie kamwe chumba wanacholala, hata mlango ukiwa wazi. Vinatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inawapata watoto kabla yako.

Sasa hofu ya kufungiwa. Kosa moja kukufunga inatokea, lakini ni makosa ya aina yake: mtoto anapigwa, kuna mtu asiyeruhusiwa kuwa karibu na watoto anaishi humo, waya uko wazi, hakuna njia ya kutoka kabisa, watoto wameachwa peke yao. Mengine yote kawaida unaandikiwa na kupewa muda wa kurekebisha alafu wanarudi kuangalia. Kwa ulivyonieleza, ningekuwa ndiye ninayekagua, kochi ningetaka libadilike nikiwa bado nimesimama hapo, idadi na njia ya kutokea ningekuandikia na tarehe, droo na dawa ningekuachia wiki. Sizungumzi kwa niaba ya mkaguzi wako lakini sidhani yeye atakuwa mbali sana na hapo.

Kama ukishazunguka kwa magoti ukaona mambo ya nondo, gesi au umeme yamekuzidi, usikisie. Zima moto sehemu nyingi wanakuja kukushauri njia za kutokea ukiwaomba, na ofisi ya leseni unaweza kuipigia uombe siku isogezwe, kuomba kusogeza hakukuharibii kitu ukieleza unachorekebisha. Nunua na kengele ya moshi, iwekwe darini karibu na wanapolala, ibonyeze kila mwezi uone inalia, na ikifika miaka 10 itupe.

Siku yenyewe endelea na ratiba yako ya kawaida. Usiwalaze watoto makusudi ili nyumba iwe kimya, tunataka kukuona ukifanya kazi. Ukimhudumia mtoto anayelia ukamwacha mkaguzi anasubiri mlangoni hakuna atakayekulaumu, mi huwa naandika hilo kama pointi yako nzuri. Akimaliza mwombe akuandikie kila alichokikuta, kipi ni cha leo, kipi kina muda na tarehe ya mwisho ni lini, alafu kabla hajaondoka msome wote wawili hilo karatasi, na palipo na neno usilolielewa mwambie akuonyeshe kwa kidole ndani ya nyumba.